Hii ipi? Maswali yenu kuhusu "this", "that", "these" na "those"

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia sehemu moja, vile vineno vinne vya Kiingereza ambavyo kila mtu anadhani alishavimaliza siku zile za kwanza kabisa za kujifunza, halafu akianza kuandika kitu cha maana anakuta ndo vinamkwamisha. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu naona wengi mnaumia hapo hapo bila kujua.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mi ni mwanafunzi wa shahada ya pili, naandika tasnifu kwa Kiingereza. Supavaiza wangu kila akiona sentensi imeanza na "This" anaizungushia duara halafu pembeni anaandika "this what?" Sura ya pili peke yake imerudi na duara 18. Nikimuuliza anasema msomaji hajui naongelea nini, lakini mi nikisoma naelewa kabisa na rafiki zangu pia wanaelewa. Je hili ni kosa la sarufi au ni mambo yake tu? Kipande kimojawapo ni hiki: "The river rose quickly after the rains and the bridge was closed for two days. The council had delayed the repairs because the money had not arrived. This caused anger in the villages. This shows that planning is important." Nisaidie, natakiwa nirudishe hiyo sura mwisho wa mwezi.

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa duara zote hizo. Nianze na unalotaka kujua kwanza: hapana, kisarufi hujakosea. "This caused anger in the villages" ina kiima, ina kitenzi, imekamilika. Ila supavaiza wako hajakwambia umekosea sarufi, amekuuliza swali, na swali lake ni la haki kabisa, ningekuwa mi nimeshika hiyo kalamu ningeuliza hilo hilo.

Hebu tukae na kipande chako. "This caused anger", hii ipi? Rudi nyuma uhesabu. Mto ulijaa, hiyo ya kwanza. Daraja likafungwa siku mbili, ya pili. Halmashauri ilichelewesha ukarabati, ya tatu. Pesa hazikufika, ya nne. Na inawezekana ulimaanisha yote kwa pamoja, ya tano. Sasa angalia lawama inaenda kwa nani kwenye kila jibu. Kama ni mto, hakuna wa kulaumiwa, ni mvua tu. Kama ni daraja, watu walikerwa na usumbufu. Kama ni kuchelewesha, lawama ni ya halmashauri. Kama ni pesa, lawama ni ya yule aliyetakiwa kuzituma ambaye hata hujamtaja. Neno moja la herufi nne na msomaji ameshika kesi nne tofauti mkononi, halafu kabla hajapumua unamwongezea "This shows that planning is important", ipi tena inayoonyesha, hasira za watu au ule ucheleweshaji? Umepandisha this ya pili juu ya this ya kwanza ambayo yenyewe haijasimama vizuri.

Unasema rafiki zako wanaelewa. Fanya hivi, mpe kila mmoja karatasi, aandike peke yake bila kuuliza mwenzake, "this" ya kwanza ni nini. Wakiandika wote kitu kimoja basi supavaiza wako kakuonea. Mi sidhani kama wataandika kimoja.

Sasa kwanini wewe ukisoma unaona hamna tatizo? Sababu moja ni ya wazi, uliandika wewe, jambo lenyewe liko kichwani kwako tayari kwa hiyo macho yakifika kwenye this akili inajaza yenyewe. Lakini kuna sababu nyingine ambayo naona haisemwi vya kutosha, nayo ni kwamba sisi tunafikiri kwa Kiswahili, na Kiswahili kimetuzoesha vizuri mno. Kionyeshi chetu hakitembei mikono mitupu, kinabeba ngeli. Ukisema "hilo" sikio la msikilizaji linakimbilia daraja. Ukisema "hizo" linakimbilia pesa. "Hiyo", halmashauri. "Huko", kule kuchelewesha. Ni kweli kuna mahali vinagongana, mto na ukarabati wote ni "huo", na "hilo" linaweza kuwa daraja au likawa jambo zima, lakini mara nyingi ngeli inakuokoa hata kama umeandika haraka haraka. Halafu juu ya hapo tuna ngazi tatu za kuonyesha, hii, hiyo na ile, na ile ya katikati yenye o mwishoni kazi yake kubwa ni kusema "kile tulichokwisha kitaja". Yaani mzungumzaji wa Kiswahili amelelewa kwenye lugha ambayo kionyeshi kinajua kwao ni wapi.

"This" haina hayo. Inakwambia mambo mawili tu, kwamba kitu ni kimoja na kiko karibu. Mto ni this, daraja ni this, uzembe ni this, wiki nzima ya mvua ni this. Wewe unaiandika ukiwa na "huko" kichwani, msomaji anaipokea kavu.

Na wala haikuwa hivi siku zote, ambacho ni kitu kinachonifurahisha sana kila nikikifikiria. Kiingereza cha miaka 1000 iliyopita kilikuwa na jinsia za nomino, na kionyeshi kilibadilika kufuata nomino yake: kwa nomino za kiume ilikuwa "þes", za kike "þeos", na zile zisizo za kiume wala za kike "þis", hiyo þ ni herufi yao ya zamani ya sauti ya th. Kadiri karne zilivyopita jinsia hizo zikalegea, na kufikia mwisho wa miaka ya 1300 zilikuwa zimekwisha, ikabaki fomu moja ya umoja kwa kila kitu, nayo ndo this ya leo. Hata ile ngazi ya tatu walikuwa nayo, "yon", kwa kitu cha kule mbali kama "ile" yetu, leo utaisikia Uskoti na sehemu za kaskazini mwa Uingereza, kwingine imepotea. Kwa hiyo ukiona this inashindwa kubeba mzigo ujue ni neno lililopoteza wenzake njiani, na kazi waliyokuwa wanaifanya wenzake sasa inabidi aifanye mwandishi.

Anaifanyaje? Hapa tena Kiswahili kimeshatufundisha ila hatukuangalia. Sikiliza taarifa ya habari yoyote. Mtangazaji hasemi "Hiyo imekuja siku chache baada ya", anasema "Hatua hiyo imekuja siku chache baada ya". Hasemi "Hii imesababisha", anasema "Hali hiyo imesababisha". Kauli hiyo, uamuzi huo, tukio hilo, mabadiliko hayo. Pamoja na kwamba ana ngeli za kumsaidia bado anataja kitu kwa jina lake, kwa sababu anajua msikilizaji hawezi kumsimamisha amuulize. Fanya hivyo hivyo kwa Kiingereza, tofauti ni mpangilio tu, nomino inakuja nyuma ya kionyeshi: "this decision", "this delay", "this statement", "these changes". John Swales na Christine Feak kwenye kitabu chao cha 1994 cha kufundisha wanafunzi wa shahada za juu kuandika wanalifundisha hili hili, this pamoja na neno la kufupisha kilichosemwa. Na wataalamu wa uandishi tangu miaka ya 1980 wana jina la this iliyoachwa peke yake, wanaiita "unattended", yaani haina msindikizaji. Naipenda hiyo picha, neno limetumwa safari ya usiku peke yake.

Kwa hiyo kipande chako: "This delay caused anger in the villages." Umeona? Kesi nne zimekuwa moja. Lakini ngoja, usikimbilie kupachika "delay" halafu ukaendelea, maana hapa ndo kwenye utamu wenyewe. Jaribu majina mengine mahali pale pale. "This delay", umesema wamechelewa, hujasema kwa nini. "This decision", sasa umesema walikaa wakaamua. "This neglect", sasa umewashtaki kwa uzembe, na wewe mwenyewe umeandika kwamba pesa hazikufika, kwa hiyo una ushahidi wa uzembe? "This shortage of money", sasa halmashauri imetoka kwenye lawama kabisa. Kila jina ni hukumu. Uliposema "This" tupu ulikuwa unakwepa kutoa hukumu, na nakuambia kwa upendo kabisa, nadhani ulikuwa hujaamua bado. Wengi tukiandika this tupu ndo inakuwa hivyo, wazo halijaiva tunalifunika na this tukitumaini msomaji ataliivisha mwenyewe.

Sentensi yako ya mwisho ni ushahidi. "This shows that planning is important", jaribu kuipa msindikizaji, "This anger shows that planning is important"? Hasira zinaonyesha watu wamekasirika, hazionyeshi zaidi ya hapo. "This delay shows"? Pesa ndo hazikufika, mpango ungesaidia nini? Ukihangaika nayo dakika tano utakuta ulichotaka kusema ni kitu kingine, labda kwamba halmashauri itenge pesa za ukarabati kabla msimu wa mvua haujaanza. Basi kiandike hicho: "The council should set aside money for repairs before the rains begin." This haipo tena na huikumbuki.

Tahadhari moja. Usije ukatoka hapa ukaanza kuandika "this situation", "this issue", "this thing" kila mahali, maana hayo ni majina yasiyo na kitu ndani, ni sawa na kusema "jambo hili" kwenye aya yenye mambo sita. Supavaiza akiwa mkali atazungusha duara na hizo pia na atakuwa sahihi.

Niwaambie kilichonikuta mimi, ndo maana hili nalishikilia sana. Nilipokuwa naanza kuandika ripoti za kazi kwa Kiingereza, miaka mingi sasa, niliandika aya moja yenye mambo mawili: kwamba wafanyakazi wapya wanapewa mafunzo ya wiki mbili, na kwamba baadhi ya wakufunzi wanafika wamechelewa saa nzima. Nikamalizia "This must be stopped immediately." Kichwani kwangu ilikuwa "huko kuchelewa". Bosi akasoma, akasimamisha mafunzo. Wale vijana wapya walikaa karibu mwezi mzima wanafanya kazi bila kuelekezwa, na mmoja aliharibu kazi ya wiki nzima kwa kutojua kitu kidogo ambacho angefundishwa siku ya pili. Alisemwa yeye, na kosa lilikuwa la sentensi yangu. Mpaka leo nikiandika This mwanzo wa sentensi mkono unasimama kidogo.

Swali: Habari mwalimu. Naandika kwenye kompyuta, programu inanipigia mstari kila nikiandika kitu kama "The printer stopped working, this delayed the report." Nikitoa mkato bado inapiga mstari. Nikiweka "and" inatulia. Tatizo ni nini hasa?

Jibu: Nzuri kaka. Hapo this yako haina shida ya kueleweka, printa iligoma, kazi ikachelewa, basi. Shida ni mkato. Kwa Kiswahili tunaruhusiwa kuunga, "printa iligoma, hii ikachelewesha ripoti", na ile -ka- inashikilia sentensi mbili zisiachane. Kiingereza hakina -ka-. Ukishaandika this ikiwa kiima na nyuma yake kitenzi, hapo umeanza sentensi mpya inayosimama kwa miguu yake, na mkato peke yake hauna nguvu ya kuzifunga sentensi mbili. Weka nukta: "The printer stopped working. This delayed the report." Au weka nukta mkato ile yenye nukta juu na mkato chini. Au tumia "which" badala ya this, hapo mkato unakubalika: "The printer stopped working, which delayed the report." Ila ujue which ya namna hiyo ina ugonjwa ule ule wa this, kama kabla yake kuna mambo matatu msomaji hatajua ipi. Haikuponyi, inakubadilishia tu alama.

Swali: Mwalimu mi nafanya kazi ofisini, niliandika imeili kwa mteja: "I have spoken with the new accountant. This has promised to send the papers tomorrow." Mwenzangu akaniambia nimemdharau mhasibu. Sikuwa na nia hiyo kabisa, nilitaka kusema "huyu ameahidi". Imeniuma. Nilikosea wapi?

Jibu: Dada yangu, nakuelewa, na nia yako inaonekana kabisa kwenye Kiswahili chake. "Huyu ameahidi kutuma" ni sentensi safi, hamna dharau yoyote, kwa sababu "huyu" ni ya viumbe wenye uhai, ndo ngeli yake. Lakini this ya Kiingereza ikisimama peke yake kama kiima halafu ikafuatwa na kitenzi cha kutenda, wanasikia kitu, si mtu. Ni kama vile wewe ungesema "hiki kimeahidi kutuma karatasi". Ndo maana mwenzako alishtuka.

Kuna mahali mtu anaruhusiwa kuwa this, ni pale unapomtambulisha, na kitenzi kinakuwa cha "kuwa": "This is our new accountant." "That is my teacher." Kwenye simu pia, "This is the manager speaking." Ukishamaliza kutambulisha tu unahamia kwa he au she, au unarudia cheo chake: "I have spoken with the new accountant. She has promised to send the papers tomorrow." Kama hujui ni mwanamke au mwanaume andika "they" au rudia "the accountant", hakuna atakayelalamika.

Na hii "this one" ambayo wengi wanakimbilia wakiambiwa this haifai, kwa maandishi ya kazi iacheni. Kwa mdomo mama anaweza kusema "this one never sleeps" akiwa amembeba mtoto wake na inakuwa na upendo ndani yake, kwenye imeili ya ofisi upendo huo hauonekani.

Kuna moja tu inayokubali watu bila shida nayo ni "those" ikifuatwa na "who": "Those who arrived late waited outside", wale waliochelewa walisubiri nje. Hiyo ni heshima tupu, itumie hata kwenye hotuba.

Swali: Shikamoo. Najiandaa na IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, nachanganya "This is because" na "This is why". Niliandika "Many students fail the exam. This is why they do not read the instructions." Nikaambiwa nimegeuza. Pia naandika "This because" bila "is", nalo nikakatwa.

Jibu: Marahaba. Kweli umegeuza, umesema kufeli ndo kumewafanya wasisome maelekezo. Njia rahisi ni kurudi nyumbani kwenye Kiswahili: "This is because" ni "hii ni kwa sababu", kinachofuata ni chanzo. "This is why" ni "ndiyo maana", kinachofuata ni matokeo. Wanafunzi wengi wanafeli, hii ni kwa sababu hawasomi maelekezo: "Many students fail the exam. This is because they do not read the instructions." Ukitaka kuanza na chanzo: "Many students do not read the instructions. This is why they fail." Kabla hujaandika sema kimoyomoyo "ndiyo maana" uone kama sentensi inakaa, sikio lako litakwambia haraka kuliko kanuni yoyote.

Hiyo "is" unaisahau kwa sababu "hii kwa sababu" kwa mdomo tunaisema hivyo hivyo bila "ni", Kiingereza hakikubali kuiacha. Na kwa mtihani wako hasa, kumbuka kuandika kunapimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa, na kimoja ni "Coherence and Cohesion", yaani jinsi mawazo yanavyoshikana, na humo ndani wanaangalia kama vineno vyako vya kurejelea nyuma vinaeleweka vinarejelea nini. Kwa hiyo nilichomwambia yule wa tasnifu hapo juu kinakuhusu na wewe, kasome.

Swali: Lini "this", lini "these"? Nimekatwa maksi kwa "These informations are important" na "This are the reasons".

Jibu: Hizo ni mbili tofauti. Ya pili ni haraka tu, "reasons" ni nyingi basi "These are the reasons". Ya kwanza inatokana na Kiswahili tena: sisi tuna taarifa hizi, vifaa hivi, samani hizi, habari hizi, vyote vingi, lakini kwa Kiingereza "information", "equipment", "furniture", "news" na "advice" havihesabiki, vinabaki umoja milele hata kama vimejaza chumba. "This information is important." "This equipment is old." Haviongezwi s, na "news" yenye s tayari nayo ni umoja, "This news is good." Hapo hamna ujanja, ni kukariri hayo matano kwanza, mengine yatafuata.

Swali: Mwalimu, mwalimu wetu wa zamani alitukataza kabisa kuanza sentensi na This au That peke yake. Lakini nikisoma hotuba za watu wakubwa naziona. Wao wanaruhusiwa na sisi haturuhusiwi? Na kama inaruhusiwa, nichague this au that?

Jibu: Swali zuri sana na nashukuru umeliuliza, maana nisingependa mtu amalize kusoma ukurasa huu akidhani this ya peke yake ni marufuku. Hata wale wataalamu niliowataja wakichunguza makala za wasomi waliobobea wanaikuta imo. Mwalimu wenu nadhani aliwakataza kwa sababu ni rahisi kukataza kuliko kueleza, na kwa mtoto anayeanza labda ilisaidia.

Chukua maneno ya Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, tarehe 10 Novemba 1942, London, siku chache baada ya ushindi wa El Alamein kule Misri: "Now this is not the end. It is not even the beginning of the end. But it is, perhaps, the end of the beginning." This iko peke yake, na haijampoteza mtu, kwa sababu kila aliyekuwa pale alikuwa na jambo moja tu akilini, ule ushindi. Halafu tazama kinachofuata, hasemi this tena, anasema it, na it tena. Hiyo siyo bahati. This kazi yake ni kunyanyua kitu na kukiweka mezani mbele ya watu, kikishakaa mezani it inaendelea nacho. Wanafunzi wengi wanaandika this, this, this, ni kama mtu anayenyanyua kitu kile kile mara tatu kukiweka mezani ambapo tayari kipo.

Au Neil Armstrong, Julai 1969, anashusha mguu kwenye mwezi: "That's one small step". That ipi? Ile hatua aliyoikanyaga sasa hivi, na waliokuwa wanatazama televisheni waliuona mguu. Kwenye mazungumzo kuna mguu, kuna kidole, kuna jicho linaloelekea upande fulani. Kwenye karatasi hamna. Kwenye karatasi kilichobaki cha kuonyesha ni sentensi iliyotangulia tu, kwa hiyo this ya peke yake inakaa vizuri pale ambapo sentensi iliyotangulia ni fupi na ina jambo moja. "She resigned in March. This surprised everyone." Hapo ukiandika "This resignation surprised everyone" hujakosea ila umeweka uzito usiohitajika, mi ningeiacha ilivyo.

This au that, kwenye maandishi tofauti ni ya hisia zaidi kuliko umbali. "This surprised everyone" inasema bado nipo kwenye hilo jambo, nakuja kuliongelea zaidi, kaa hapo. "That surprised everyone" inalisogeza nyuma kidogo, limepita, tunaenda mbele. Kwa hiyo kama aya yako inaendelea kueleza kwanini alijiuzulu na nani alishangaa zaidi, this. Kama ndo unalifunga unaenda kwenye mwezi wa Aprili, that. Soma sentensi inayofuata kwanza halafu urudi uchague, kwa sababu kinachoamua ni unakoenda. Na ukibaki huna uhakika kama this yako inaeleweka, mpe mtu asiyejua habari yenyewe aisome aya mpaka hapo ilipo, funika kilichobaki kwa kiganja, muulize "hii ipi?" Akijibu kabla hujamaliza kuuliza, iache. Akirudisha macho juu kutafuta, tafuta nomino.